Mshale Ulioelekea Nyuma

Hellbach, 19 Mei 1996

Shangazi yangu mpendwa Roswitha,

Shikamoo. Hapa nyumbani sote tumeamka salama, isipokuwa Bibi, ambaye nyonga humuuma kila hali ya hewa ikibadilika, na wewe unajua kwamba hapa kwetu haijawahi kukaa bila kubadilika. Mama amehamishiwa zamu ya mchana katika jiko la hospitali, kwa hiyo siku hizi tunakula pamoja jioni. Mimi nimefanya vizuri kemia na vibaya kuimba. Soksi ulizonifumia zimenitosha, nazo zina joto kuliko zote za dukani.

Mwalimu wetu anatufundisha kwamba barua nzuri haikimbilii jambo lake. Nimejitahidi, lakini siwezi kulizuia zaidi. Baba ameanza kwenda tena kwenye Mzunguko, ile barabara ya mashindano ya msituni.

Najua hajakanyaga huko tangu mumeo, Anko Gereon, alipofia hukohuko. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka kwamba mwaka ule hatukusikia redio nyumbani. Sasa, tangu Pasaka, amenunua gari dogo jekundu, ameng’oa kila kitu ndani akaacha viti viwili tu, na amelifunga fremu ya vyuma kama zizi. Jumapili geti linapofunguliwa kwa watu wote, anapanga foleni na wengine, anazunguka msitu mzima, anarudi. Kisha anapiga mluzi. Shangazi, sikujua kwamba Baba anaweza kupiga mluzi.

Nina swali, na sina mwingine wa kumuuliza, maana wewe ndiye uliyekuwa fundi wa matairi wa bonde hili. Mzunguko unaendeshwa kwa kuelekea kulia kama mishale ya saa, hivyo magurudumu ya kushoto ndiyo yanayobeba mzigo na kuwa kipara mapema. Baba anasema zamani watu walikuletea wewe: uliyatoa matairi kwenye rimu kwa mashine yako, ukayapindua, ndipo yakahamia upande wa pili yakizunguka sawasawa. Tangu ulipoondoka hakuna mwenye mashine. Kwa hiyo Baba huweka jeki na kuhamisha tu magurudumu mazima: ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Lakini matairi yake yana mshale ubavuni unaoonyesha yanakotakiwa kuzunguka. Nilikuwa nimeshika taa nikamwambia, “Baba, mshale unatazama nyuma.”

“Mshale haujui gari linakwenda wapi. Mimi najua.”

“Sasa umechorwa wa nini?”

“Wa kuwashughulisha watoto wa shule. Nipe spana.”

Tulicheka. Lakini bado ningependa kujua. Je, kuna ubaya wowote?

Nakukumbuka sana, ingawa sura yako naijua zaidi kwa picha.

Mwanao,
Mareike

*

Norderwarf, 9 Juni 1996

Mareike mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilifika pamoja na mafuta ya trekta na gunia la viazi, nikaisoma kwanza, hilo ulijue. Mpe Bibi pole ya nyonga. Mwambie huku upepo haubadiliki, unavuma tu, aje nimkodishie kiti.

Kazi yangu ni ileile. Natengeneza trekta la watu wa ukingo wa bahari, linaharibika, nalitengeneza. Wana-kondoo wamekua. Bata-bukini wamekwisha kuondoka kwenda kaskazini na malisho yamebaki na mavi yao tu. Wageni wa kiangazi wameanza kuja. Jana bibi mmoja kutoka mjini aliniuliza bahari hufungwa saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na mbili, akashukuru.

Nimefurahi kwa kemia. Kuimba usijali, ukoo wetu wote huimba kama mlango.

Mama yako msalimie. Nitakufumia na glavu.

Shangazi yako,
Roswitha

Nyongeza: Usiingie ndani ya gari hilo. Ukialikwa, sema unatapika.

*

Hellbach, 30 Juni 1996

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sote tunaendelea vizuri. Bibi amecheka sana kuhusu bahari kufungwa, kisha akafuta macho akasema, “Ndivyo alivyokuwa kila siku, Roswitha.” Mama anakusalimu. Baba nilimwambia nimekuandikia. Alisema “Haya,” akaenda kuosha mikono, nayo ilikuwa safi.

Nimeona kwamba hukujibu swali langu. Nimeona pia kwamba ulijibu swali ambalo sikuuliza. Hakuna aliyenialika kwenye gari. Baba hachukui abiria. Wenzake wote huzunguka na watoto wao, na wake zao, hata na mbwa, lakini yeye huenda peke yake, na kiti cha pili hakijapata kukaliwa.

Kwa sababu hukujibu nilikwenda kumuuliza Bwana Thönnes, yule mwenye masharubu anayekata tiketi getini. Alikuwa na wanaume wawili wakinywa kahawa. Aliponiona akasema, “Huyu si binti wa Alfons? Mwambie baba yako anaendesha kama mtu anayerudi nyumbani kinyumenyume.” Wale wawili wakacheka. Nilisimama tu, na nadhani aliona aibu, kwa sababu aliweka kikombe chini akanipeleka kwenye gari la mmoja wao lililofungwa matairi ya aina ile ile. Alilowesha kidole, akakipitisha kwenye mifereji ya tairi.

“Umeona ilivyopangwa? Kama mifupa ya samaki. Tairi likizunguka linavyotakiwa, maji yanasukumwa kutoka katikati kwenda pembeni, yanaruka nje. Ukiligeuza, mifereji hiyohiyo inayakusanya maji na kuyaleta katikati. Gari linapanda juu ya maji. Hapo usukani ni sahani tu, unaweza kuizungusha unavyotaka.”

“Na kukiwa kukavu?”

“Kukavu hata ukifunga masufuria utafika.”

“Mbona hamumwambii Baba?”

Wale wawili waliacha kucheka. Bwana Thönnes alijifuta kidole kwenye suruali. “Baba yako aliyajua hayo kabla hujazaliwa,” akasema. “Muulize shangazi yako.” Akarudi kwenye tiketi zake, ingawa hapakuwa na mtu dirishani.

Shangazi, kuna jambo moja jingine nimelitazama kwa wiki kadhaa kabla ya kuliandika, ili nisimsingizie mtu. Jumamosi jioni Baba hukaa karibu na redio kusubiri utabiri. Wakisema Jumapili ni jua, anakata majani. Wakisema mvua, anakwenda kujaza mafuta.

Nilifikiri ni kwa sababu siku ya mvua foleni ni fupi. Bado natumaini ni hivyo.

Mwanao,
Mareike

*

Norderwarf, 28 Julai 1996

Mareike mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa. Ukiuliza sababu nitasema kondoo, na kondoo hawawezi kukanusha.

Huku joto, mbu, wageni. Trekta limepata klachi mpya. Glavu zimefika kwenye kidole gumba, kisha nikazifumua nikaanza upya.

Thönnes amekwambia kweli. Mimi sina la kuongeza kuhusu mifereji. Labda hili: kuna watu wanaogeuza matairi kwa ajili ya kukavu wakijua wanachofanya, na mvua ikidondoka wanarudi ndani wanangoja. Sijapata kusikia mtu anayeyageuza kisha akaisubiri mvua.

Huenda baba yako hana mengine. Matairi ni ghali na watu wa kwetu hawatupi kitu mpaka kiwe uzi. Tazama bandani kama kuna mengine, kisha umwambie mama yako, umwambie yeye, usimwambie baba. Mama yako ana akili na hana woga. Sema naye mkiwa mnamenya viazi, hapo hawezi kukimbia.

Umeniuliza bila kuniuliza kuhusu Gereon. Kijiji kilishasema: alikwenda kasi. Padri alisema hivyo kwa maneno mazuri zaidi, na wote wakaitikia amina. Kiache kijiji na neno lake.

Kula vizuri. Soma.

Shangazi yako,
Roswitha

*

Hellbach, 18 Agosti 1996

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Alhamisi ilikuwa sikukuu ya Kupalizwa Maria. Nilikwenda na Bibi kuchuma mimea, tukafunga shada, padri akalibariki, na sasa limening’inia darini kuzuia radi. Bibi alitaka kufunga la pili. Nilipomuuliza la nini, alisema ni la gari. Baba alilichukua kwa heshima, akalitundika bandani badala ya garini.

Hapo bandani ndipo nilipotazama, kama ulivyoniagiza. Nyuma ya mbao, chini ya blanketi, kuna matairi manne mapya. Bado yana karatasi za dukani. Nilisubiri siku ya viazi nikamuuliza Mama.

“Nimeyanunua mimi,” alisema. “Wiki ileile aliyoleta gari.”

“Na yeye anajua yapo?”

“Ndiye aliyeyafunika blanketi.”

“Mama, basi kwa nini…”

“Mareike, umefunga mlango wa banda?”

“Nimefunga.”

“Basi kaangalie tena kama umefunga.”

Ulisema hana woga. Shangazi, kiazi alichoshika alikimenya mpaka kikabaki kama karanga.

Leo, Jumapili, imenyesha. Baba alirudi saa ya chakula na gari lina majani yamenasa kwenye taa ya kushoto na tope mpaka kwenye kioo cha nyuma. Lilikuwa limeteleza, likazunguka kama pia na kutoka nje ya barabara. Nilikimbilia uani. Alitoka, akavua helmeti, nywele zimelowa jasho, naye alikuwa akicheka kwa namna ambayo sikuipenda.

“Umeniona?”

“Nimekuona, Baba.”

“Niko mzima?”

“Uko mzima.”

“Lilizunguka mara mbili, nikalishika. Kwa hiyo mtu anaweza kulishika.” Alipiga paa la gari kama mtu anayempongeza ng’ombe. Kisha akasema, na hakuwa akisema na mimi, “Basi siyo matairi.”

Nimekaa na sentensi hiyo siku nzima. Imenifanya nifikirie swali ambalo ni kubwa kuliko umri wangu, na ninaomba unisamehe kabla sijaliuliza. Siku aliyofariki Anko Gereon, ni nani aliyefunga magurudumu ya gari lake?

Mwanao,
Mareike

*

Hellbach, 22 Septemba 1996

Shangazi,

Shikamoo. Tuko salama. Mama hali chakula cha Jumapili tena kabla Baba hajarudi. Tunasubiri naye, na supu inapoa.

Sijapata jibu lako. Nilifikiri unaumwa, kisha Bibi akapata kadi yako ya siku ya kuzaliwa, yenye picha ya kondoo, kwa hiyo najua mkono wako unaandika.

Kuna mteremko kule Mzungukoni, chini kidogo ya ule msalaba wa kumkumbuka Anko Gereon, ambako maji hutuama kwenye lami mvua ikiwa kubwa. Bwana Thönnes ameniambia kwamba Baba siku hizi hufika getini na kumuuliza kwanza, “Kule chini kuna maji?” Akiambiwa hakuna, anageuza gari anarudi nyumbani. Akiambiwa yapo, ananunua tiketi. Thönnes ameanza kumdanganya. Lakini hawezi kumdanganya mtu aliyezaliwa hapa kuhusu mvua.

Juzi Baba aliniambia, bila kuulizwa, “Ikipatikana siku moja yenye maji ya kutosha, nipite pale kwa mwendo aliokuwa nao yeye, basi. Nitaliuza gari.” Alisema kwa upole sana. Jumapili ya mwisho kabla geti halijafungwa kwa baridi ni tarehe 27 Oktoba.

Mtu asiye na jibu huandika haraka kusema hana. Wewe umenyamaza, kwa hiyo najua unalo. Tafadhali.

Mareike

*

Norderwarf, 13 Oktoba 1996

Mareike,

Marahaba, mwanangu. Naandika juu ya meza ya jikoni huku bahari imefunika malisho yote ya kisiwa, imebaki nyumba na kilima chake. Mashua ya barua haijaja na haitakuja mpaka maji yashuke. Nisipoandika sasa ambapo siwezi kutoka mlangoni, sitaandika kabisa.

Wiki ile aliyofariki Gereon, mashine yangu ilikuwa imeharibika. Nilikuwa nimelala chini yake nimejaa grisi, na Gereon alikuwa Mzungukoni na baba yako. Asubuhi ilikuwa jua tupu. Mchana Gereon akaenda kula viazi vya kukaanga na soseji kwa yule mama wa kibanda, akakaa kupiga soga kama kawaida yake. Alfons akaona matairi ya kushoto yamekwisha. Akataka rafiki yake arudi akute kazi imefanyika. Akaweka jeki, akahamisha magurudumu, ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Kulikuwa kukavu, Mareike. Pale walipokuwa kulikuwa kukavu kabisa. Unaijua mvua yetu, hunyesha bonde moja ikaruka la pili. Ilikuwa imenyesha kule chini, na aliyekuwa kwenye foleni hakuweza kuijua. Gereon alirudi na mdomo una haradali, akaingia, akaenda. Hakuambiwa. Nadhani Alfons alitaka aje ajionee mwenyewe na kushukuru.

Jioni walileta gari uani kwangu kwenye bredauni. Nikaona mishale. Nikavuta turubai mpaka ikagusa chini, nikaifunga kwa kamba, nikifikiri nimemzuia kaka yangu asione kwamba alikuwa ameyafunga kinyume. Yeye alikuwa amesimama upande wa pili wa gari. Nimeishi miaka yote hii nikiamini kwamba hakuona. Mpaka ulipoandika neno lake kuhusu matairi, ndipo nikakumbuka kwamba upande wa pili pia una mishale.

Majira yote ya baridi alikuja kila asubuhi kunipasulia kuni, nami nikampikia kahawa. Tulikunywa, tukazungumza habari za theluji. Kila nilipofungua mdomo nilitazama mikono yake nikaufunga. Kijiji kikasema “kasi”, nami nikaacha kiseme, ingawa lilimchafua mume wangu, kwa sababu marehemu hahitaji usingizi na kaka yangu alikuwa anauhitaji. Kisha nikashindwa kukaa.

Sasa naelewa anachotafuta. Ni hukumu. Gari likirudi, hana hatia. Lisiporudi, ameshahukumiwa na kesi imefungwa. Kwa hiyo ataendelea mpaka apate moja kati ya hizo, na mvua anayocheza nayo haina huruma.

Ndani ya bahasha kuna karatasi iliyokunjwa ya Alfons. Mpe kabla hajavaa helmeti. Akishaivaa hasikii mtu, wala hajawahi.

Kuja siwezi. Usiniulize.

Roswitha

*

Hellbach, 29 Oktoba 1996

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Bibi yuko kitandani, hali si mbaya. Mama amechukua likizo. Mimi sijaenda shule jana wala leo, na mwalimu ametuma kazi za nyumbani kwa jirani. Nitaeleza kwa utaratibu.

Barua yako ilifika Jumamosi, baada ya chakula cha mchana. Niliisoma chumbani, kisha nikampelekea Baba karatasi yake. Alikuwa anasikiliza utabiri. Aliitazama bila kuigusa. “Naujua mwandiko huo,” akasema. “Weka juu ya kabati. Kesho jioni nitaisoma.” Nilimwomba aisome palepale. Alisema, “Kesho jioni, Mareike,” na redio ikasema mvua kubwa, bonde lote.

Jumapili alikuwa ameondoka kabla sijavaa viatu. Nilichukua karatasi kabatini nikaenda kwa baiskeli. Mvua ilikuwa inanipiga usoni hata sikuona barabara. Getini palikuwa na magari machache. Lake lilikuwa la pili kutoka mbele, naye ameshavaa helmeti. Magurudumu niliyatazama nikipita. Mishale yote inatazama nyuma.

Nilifungua mlango wa pili, nikakaa, nikafunga mkanda.

“Toka.”

“Sitoki.”

“Mareike, toka. Hii siyo mvua ya kuchezea.”

“Ulisema siyo matairi. Kama siyo matairi, mimi nikikaa kuna ubaya gani?”

Aligeuza kichwa kunitazama. Kioo cha helmeti kilikuwa kimejaa mvuke, sikuona macho yake. Gari la mbele likaondoka. Nyuma yetu wakaanza kupiga honi. Bwana Thönnes alikuja na mwavuli, akainama dirishani, akaniona, na uso wake ukabadilika.

“Alfons. Leo ni wawili?”

“Mtoe huyu,” akasema Baba.

Bwana Thönnes alinitazama. Nilishika mkanda kwa mikono miwili. “Simtoi,” akasema. “Mtoe wewe. Au kaa naye hapa mpaka Krismasi, geti ni langu.”

Basi nikafungua karatasi nikaisoma. Ilibidi nipaze sauti kwa ajili ya helmeti na mvua, na Bwana Thönnes alisikia yote. Nisamehe kwa hilo. Uliandika hivi: “Kaka, yalikuwa matairi. Niliona mishale jioni ileile. Ulitaka kumsaidia, nami nililijua hilo kabla turubai haijakauka. Sijawahi kukuchukia hata siku moja. Lakini nilikuachia ukae na jambo hili peke yako, na nilidhani huo ni upendo. Usimtafute Gereon kule chini. Hayupo.”

Nilipomaliza alikuwa ameshika usukani kwa nguvu mpaka glavu zikalia. Kisha akatia gia. Gari likasogea mbele. Kizuizi kilikuwa bado kimeinuliwa tangu gari la kwanza, na mbele yake hapakuwa na kitu ila barabara nyeusi iliyojaa maji. Shangazi, nilifumba macho. Sikuomba. Nilitamani tu Mama asisubiri na supu.

Nilipofumbua tulikuwa tumekata kushoto, nje ya foleni, kwenye barabara ya nyumbani. Alituendesha kwa mwendo wa trekta, helmeti kichwani, mpaka uani.

Ningependa kumalizia hapo. Najua ungependa pia.

Alikaa jikoni, akala supu yote. Kisha akasema, “Soma tena pale anaposema aliona.” Nikasoma. “Tena.” Nikasoma. Mama aliniashiria niache, lakini sikuweza kumnyima. Mwishowe akaiweka mikono yake juu ya meza, akaitazama.

“Alijua,” akasema. “Alijua, na kila asubuhi akanipikia kahawa.”

“Kwa sababu anakupenda, Alfons,” akasema Mama.

“Na mimi nikainywa.”

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho mpaka leo. Hajakasirika, hajalia. Jana mvua ilipoanza alitoka bila koti, akachuchumaa kando ya gurudumu la mbele, akaweka kiganja juu ya mshale, akabaki hivyo. Jeki iko palepale, hakuigusa. Mama alisimama mlangoni na koti mkononi, akashindwa kumfuata. Nilimwita mimi. Aliniangalia kana kwamba mimi ni mtoto wa jirani, mwenye adabu, ambaye jina lake amelisahau.

Mzunguko umefungwa hadi majira ya kuchipua. Mama anasema hilo kila saa, kama sala. Lakini barabara ya kushuka mjini nayo ina kona, na mvua, na haina geti wala Bwana Thönnes.

Uliniambia nisikuulize kuhusu kuja. Sikuulizi. Nimeshapiga simu stesheni nikauliza treni kwa niaba yako, na kitanda chako nimekitandika katika chumba changu. Natumaini bado, kwa sababu alikata kushoto, na mtu asiyetaka kuishi asingekata kushoto. Nakwenda na tumaini hilo mpaka mlangoni kwake, kisha nasikia jinsi alivyo kimya mle ndani.

Ufunguo wa gari niliuchukua nilipofungua mkanda. Ninao mimi, hata nikilala. Anajua ninao. Hajauulizia. Akija kuuliza, kwa upole wake ule, sijui kama nitaweza kumnyima, kwa maana ni baba yangu na hajapata kunionea.

Njoo kabla hajauulizia.

Mwanao,
Mareike